Jumapili Niliyomwombea Kaka

Kanisani kwetu Murangi kuna desturi moja ya upendo ambayo naiogopa kuliko mamba. Wakati wa likizo, baada ya sadaka na kabla ya matangazo ya misiba, mzee wa kanisa anasimama na kusema: "Vijana wetu wa vyuo wasimame wajitambulishe." Unasimama. Unataja jina lako, chuo, kozi na mwaka wa masomo, kisha unasema ombi lako na kanisa zima linakuombea. Hakuna anayekulazimisha. Ila usiposimama, kabla ya chakula cha mchana kijiji kitakuwa kimeshajua kwamba umefukuzwa, au una mimba, au umehamia kanisa la wale wanaokesha wakipiga ngoma.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa tunasimama wawili. Mimi, na mtoto wa baba mkubwa, yaani kaka yangu. Kwetu hakuna binamu, hilo ni neno la kwenye vitabu. Tulimaliza kidato cha sita mwaka mmoja. Kaka akaenda kusoma sheria katika chuo kikubwa cha Dar es Salaam, kile ambacho ukikitaja, mtu aliyekuwa anakusikiliza kwa sikio moja anaongeza la pili. Mimi nikaenda kusoma sheria hiyohiyo Bunda, katika chuo chenye majengo matatu na bango kubwa kuliko majengo. Yeye akijitambulisha, akina mama walipiga vigelegele. Nikijitambulisha mimi, walisema amina.

Aliyekuwa anatuita tusimame ni baba mkubwa mwenyewe, baba yake kaka. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, mtu mrefu mwenye koti moja la kijivu. Zamu ya mwanawe ikifika, baba mkubwa alikuwa anakohoa kidogo kwanza, ili watu wanyamaze vizuri. Zamu yangu ikifika hakukohoa. Niliuona upungufu huo tangu likizo ya kwanza, nikaapa kwamba iko siku mtu atakohoa pale mbele kwa ajili yangu.

Sitajifanya mwema. Nilikuwa na wivu. Nilimzidi kaka Kiingereza, nikamzidi kumbukumbu, nikamzidi hata mwandiko. Alichonizidi ni matokeo ya kidato cha sita, kwa alama kidogo tu, na hizo alama kidogo ndizo zilizompeleka Dar zikaniacha mimi Bunda kama mzigo uliodondoka kwenye gari.

Sasa, kuhama chuo kunaruhusiwa. Niliyasoma masharti mpaka nikayakariri. Umalize mwaka wa kwanza ukiwa umefaulu vizuri. Kozi iwe ileile. Chuo unachotoka kikuandikie barua ya kukuruhusu. Uwe na sifa zinazotakiwa kule unakokwenda. Na kule unakokwenda pawepo na nafasi. Matatu ya kwanza yalikuwa ni jasho langu. La nne nililipitia haraka, kama mtu anavyosoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Hilo la tano ndilo lililoniharibu.

Pale Bunda, kila mwenye akili kidogo alitaka kuhama. Walimu walidhani tunaipenda sheria. Mwaka uliotutangulia alihama mwanafunzi mmoja, mmoja tu, na alikuwa anatajwa darasani kama anavyotajwa marehemu mwema. Basi tukawa tunasoma kwa kuviziana. Mtu akiugua siku ya jaribio tulimpa pole kwa mdomo. Maktaba ilikuwa na kitabu kimoja tu cha maana cha sheria ya mikataba. Wiki mbili kabla ya mitihani nilikihamishia kwenye rafu ya ufugaji wa nyuki, nikawa naenda kukisoma hukohuko nikiwa nimesimama. Msichana tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja alikitafuta mpaka akalia. Nilimsaidia kukitafuta.

Nikawa wa kwanza darasani. Barua ya kuruhusiwa nikaipata, na mkuu wa idara aliisaini bila kuniangalia usoni, maana siku hiyo alikuwa ameshasaini nyingine kadhaa.

Ikabaki nafasi. Hapa lazima nimseme baba yangu kidogo. Baba ni mvuvi. Ana mtumbwi mmoja wa sangara, na mtumbwi huo unabeba watu wanne, si watatu, si watano. Mmoja akiugua, au akigombana na baba, siku hiyohiyo anapanda mwingine, na mara nyingine kasia la aliyeshuka bado halijakauka. Pale mwaloni, mitumbwi inapofika nchi kavu, kila asubuhi kuna watu wamesimama wanasubiri jambo hilo. Hawasemi kwamba wanasubiri mwenzao augue. Wanasema wanasubiri kazi. Baba anapenda kusema kwamba chombo hakiendi na nafasi wazi. Sheria hiyo niliijua kabla ya sheria nyingine yoyote, nikaenda nayo Bunda, na sikuwaza hata dakika moja kwamba chuo kikuu kinaweza kisiwe mtumbwi. Mtu anashuka, mtu anapanda. Kwa hiyo kilichokuwa kimebaki ni mtu ashuke.

Kufa kufaana, wanasema. Mimi sikuomba mtu afe, nilikuwa Mkristo. Niliomba mtu afeli. Niliomba kwa bidii, asubuhi kabla ya kupiga mswaki, na sikuona tofauti kati ya ombi hilo na la mama la kwamba mvua inyeshe.

Likizo ilipoanza nilipitia Musoma mjini. Kwenye steshenari moja ya Bweri niliskani vyeti, nikajaza fomu ya uhamisho mtandaoni, nikaambatanisha barua. Dada wa steshenari aliniuliza kama naomba kazi.

"Naomba kuhama chuo," nikamwambia.

"Na wewe? Mwezi huu mmekujaga wengi wa hivyo."

Nikamchukia bure. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno kwamba maombi yangu yanashughulikiwa. Nikayapiga picha kwa simu, nikapanda gari kwenda nyumbani.

Kaka alikuwa ameshafika Murangi. Alikuwa amekonda, na alikuwa mwepesi wa kucheka mambo yasiyochekesha. Jumatano asubuhi tulipewa kazi ya kulinda dagaa walioanikwa kwenye nyavu kuukuu juu ya mchanga. Unakaa na fimbo unafukuza kunguru na nyangenyange. Ni kazi ya watoto, lakini mama alisema wasomi nao wale jasho lao.

"Mdogo wangu," kaka alisema, "nikikwambia kitu utakaa nacho?"

"Nitakaa nacho."

"Hata mama usimwambie."

"Kaka, sema tu."

"Nimedisko."

Ndilo neno la wanafunzi la kuondolewa chuo kwa kufeli. Alilisema akiwa anatazama dagaa. Wiki ya mitihani alikuwa na malaria kali, akatolewa kwenye chumba cha mtihani akitapika, masomo matatu yakalala. Karatasi za hospitali alikuwa nazo. Alikuwa amekata rufaa, na barua ya kumjibu ilikuwa imekuja: afike yeye mwenyewe mbele ya kamati, saa nne asubuhi, Jumanne ya tatu ya mwezi unaofuata, akiwa na karatasi hizo. Asipofika, jina lake linafutwa. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angemwambia baba yake kwamba chuo kinafungua mapema, angeondoka kama siku zote, na rufaa ikipita asingejua mtu yeyote Murangi.

"Ni wiki tatu tu," alisema. "Mzee akijua, mimi nimekwisha. Si unamjuaga."

"Na rufaa ikikataliwa?"

"Nafasi yangu imeondoka, basi."

Nilimshika bega nikamwambia pole. Moyo wangu uliruka kwa furaha, na sikuuzuia. Mwaka mzima nilikuwa nimeomba afeli mtu nisiyemjua, katika chuo nisichowahi kukiona, kumbe nimechaguliwa wa karibu. Kozi ileile, mwaka uleule. Nilimwangalia shingo yake ilivyokuwa nyembamba, nikamhurumia, na huruma hiyo haikubadilisha kitu.

"Na fomu yako ya kuhama umeshatuma?" akauliza.

"Nimetuma."

"Nikifika kule nitakuulizia pale ofisini. Tukisoma wote itakuwa raha." Akamrushia kunguru kokoto, akamkosa.

Siku zilizobaki kabla ya Jumapili nilizitumia kutunga sentensi. Nasema hivi ili asije akatokea mtu wa kunitetea kwamba niliteleza ulimi. Sikuteleza. Niliijaribu nikiwa nachota maji, nikaijaribu nikiwa nakaanga samaki, ikiwa ndefu naikata. Nilitaka isinuke umbea. Kwetu umbea ni dhambi, lakini ukianza na "naomba mmwombee" unapewa kipaza sauti. Nilijua pia kitu kingine, kwamba nikimwambia baba mkubwa faraghani, huenda angefoka usiku mmoja kisha akamwachia mwanawe aende. Baba mkubwa alikuwa anaweza kusamehe kufeli. Alichokuwa hawezi kusamehe ni watu kujua.

Jumapili ikafika. Baba mkubwa alikohoa. Kaka akasimama, akataja chuo chake, akasema anaingia mwaka wa pili, akaomba aombewe masomo na safari. Vigelegele vikapigwa. Kisha mimi. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu la mahafali ya kidato cha sita. Nikataja Bunda, wakasema amina.

"Ombi langu si la kwangu," nikasema. "Naomba kanisa limwombee kaka. Ameondolewa chuo kwa kufeli, lakini amekata rufaa. Anaona aibu kuwaambia. Nimeona tusimwache aubebe mzigo peke yake."

Bodaboda ikasikika inapita barabarani. Halafu mama mmoja wa mbele akasema "Yesu," polepole, na watu wakaanza kugeuka, benchi moja baada ya jingine. Kaka alikuwa ameshaanza kukaa. Alibaki hivyohivyo, amepinda, mkono mmoja umeshika benchi la mbele yake, kama mzee mwenye mgongo.

Mchungaji wetu alikuwa mtu mwema kweli, na wema wake ulizidisha ubaya. Alimwita kaka mbele. Akampigisha magoti, akamwekea mikono kichwani, akaomba kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu. Akakemea roho ya kufeli. Akakemea roho ya uongo, kwa kuwa wote tulikuwa tumemsikia kijana akisema anaingia mwaka wa pili. Akawaita wazee wa kanisa waje nao waweke mikono, wakaenda wote isipokuwa mmoja. Baba mkubwa alibaki kwenye meza ya matangazo akikunja karatasi yake, akaikunja tena na tena, mpaka ikawa ya kufungia chumvi. Maombi yalipoisha aliikunjua, akasoma misiba miwili na kikao cha akina mama kwa sauti yake ya siku zote.

Nje ya kanisa mchungaji alinishika mkono. Alisema wapo ndugu wanaoficha na wapo ndugu wanaobeba, na mimi ni mlinzi wa ndugu yangu. Wanawake watatu wakanikumbatia. Mmoja wao akaniuliza, kwa sauti ya chini, amefeli masomo mangapi. Nikamwambia matatu.

Mchana tuliitwa nyumbani kwa baba mkubwa, mimi na wazazi wangu. Hakumpiga mtu. Alikuwa bado amevaa koti. Alimwambia kaka alete hizo karatasi, na kaka akaleta bahasha yenye barua ya kamati na vyeti vya hospitali, akaitoa kwa mikono miwili.

"Baba, tarehe ndiyo hiyo," kaka alisema. "Nikifika na hizo karatasi wananisikiliza. Niliugua, baba. Sio kwamba sikusoma."

"Mwaka mzima nimekuwaga nasimama pale mbele nakutangaza," baba mkubwa alisema. "Leo habari zako nimesikia pamoja na wauza vitumbua."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Chuo kimekukataa. Ziwa halikataagi mtu."

Akaiingiza bahasha ndani ya Biblia yake, ile yenye kava la zipu, akafunga zipu. Mama yake kaka akaanza kulia, akaambiwa akalilie jikoni, akaenda. Baba yangu alikuwa amekaa kama anavyokaa mdogo mbele ya mkubwa wake. Kisha akasema kwamba mtu wake mmoja alishuka juzi, mtumbwini kuna nafasi. Alisema kwa nia njema. Alidhani anasaidia.

Tulipokuwa tunatoka kaka alinisubiri mlangoni.

"Ulikaa nacho siku ngapi?" aliniuliza.

"Nne," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza saa.

Wiki zile tatu alijifunza kazi. Viganja vyake vilichubuka, mama akawa anamfunga vitambaa vya kanga na kumpaka mafuta, na mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea hayo mafuta. Alikuwa anayapokea na kusema asante. Kanisani hakukosa. Watu walimsalimia kwa upole ule wanaomsalimia nao mgonjwa, wakawa wanamuuliza anaendeleaje, mpaka akawa anafika wa mwisho na kutoka wa kwanza.

Jumanne ya tatu alikuwa ziwani. Mimi nilikuwa nimekaa mwaloni na simu, nafungua na kufunga ukurasa wa maombi yangu. Ilipofika saa nne niliuona mtumbwi wetu kwa mbali, watu wanne, na mmoja wao kasia lake lilikuwa linachelewa nyuma ya mengine. Nikasema moyoni, sasa. Nilijisikia vizuri siku nzima. Hata chakula nilipika mimi.

Baada ya wiki mbili jibu likaja. Sikuchaguliwa.

Sikulia. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa kuku wake mwenyewe. Nafasi ilikuwepo, nilijua kwa hakika kwamba ipo, nilikuwa nimeisafisha kwa mikono yangu. Nani kaipanda? Nilisema nyumbani kwamba kuna mtoto wa kigogo kapewa, na wote wakakubali, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyoeleza kila kitu. Mama akakumbuka kwamba Butiama kuna mzee mmoja, mkwe wa ukoo wao, aliyestaafu kutoka ofisi ya udahili ya chuo kilekile. Nikamwambia nitakwenda.

Nilimkuta kwenye zizi lake, amevaa mabuti, pampu ya dawa ya kupe mgongoni, anaogesha ng'ombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usisimame upande huo wa upepo, hii dawa inawashaga."

Nikamweleza shida yangu bila kumtaja kaka. Nilisema tu kwamba nina hakika kuna nafasi moja ya sheria iliachwa wazi, mwenyewe kadisko, na nilitaka kujua kapewa nani ili nikate rufaa. Alinisikiliza huku anapulizia. Kisha akaacha.

"Nani amekwambia nafasi ya aliyedisko inajazwa?"

"Si imebaki wazi?"

"Binti, chuo sio zizi, kwamba ng'ombe akifa unaingiza mwingine. Mtu akiondoka ameondoka na nafasi yake. Wa kuhamia walikuwaga na za kwao pembeni, chache sana, mwaka mwingine hakuna kabisa." Akarudi kwenye tumbo la ng'ombe. "Ulikuwa wa ngapi darasani kwako?"

"Wa kwanza."

"Wote walikuwaga wa kwanza. Mezani kwangu sijawahi kuona wa pili. Watu mnadhani tulikuwa tunakaa pale kutafuta wa kuchukua. Tulikuwa tunatafuta wa kutoa. Unaanza na matokeo ya kidato cha sita, unatoa. Maombi yanayobaki ndio unasoma. Matokeo yako yakoje?"

Nikamtajia. Hakuhitaji kufikiri.

"Wewe ulitoka siku ya kwanza. Hata chuo kizima kingedisko, wewe usingeingia."

Alisema bila ubaya, kama fundi anayekwambia redio haitengenezeki. Nilipaswa kushukuru na kuaga. Badala yake nikamuuliza jambo ambalo halikuwa langu.

"Na mtu aliyefeli kwa sababu ya malaria, ana karatasi za hospitali, amekata rufaa. Hao mlikuwa mnawafanyaje?"

"Hao wanarudiaga mtihani tu. Nimeandika mihutasari ya zile kamati miaka mingi. Karatasi ikiwa ya kweli hakuna anayekusumbua." Akaivua pampu mgongoni, akaitua chini. "Mradi mtu afike."

Ningependa kuandika kwamba njiani nilijuta. Nilichokisikia kwanza, nikiwa nyuma ya bodaboda kuelekea barabara kuu, ni kwamba nimedhulumiwa. Nilikuwa nimefanya ubaya mkubwa kiasi kile na sikupata kitu. Laiti ningepata, nadhani ningekaa Dar miaka mitatu iliyobaki na ningelala vizuri. Majuto yalikuja nilipokuwa nimeshuka Murangi, nikauona mtumbwi umeshavutwa mchangani na kaka ameinama anachambua wavu. Vitambaa vya mikononi alikuwa ameshaacha kuvaa. Viganja vilikuwa vimekomaa.

"Nafasi yako hawajampa mtu," nikamwambia. Sikujua namna nyingine ya kuanza.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Hawazijazagi. Kule kila mtu anajua."

"Sasa mbona hukuniambia? Siku ile ya dagaa ungeniambia."

Alichomoa magugu maji kwenye wavu, akayatupa pembeni, akatafuta mengine.

"Kwani uliniuliza?" alisema. "Wewe hukuniuliza, mdogo wangu. Uliniombea."

Nilirudi Bunda nikamaliza. Sasa nina meza katika ofisi ya mawakili mjini Musoma, nyumba yangu iko Buhare, na kazi ninayoifanya vizuri kuliko zote ni kuandika rufaa. Sijawahi kumpitishia mtu tarehe. Wateja wanasema nina huruma, kwa sababu nawapigia simu siku mbili kabla, na siku moja kabla, na asubuhi yenyewe.

Kaka hakurudi chuoni. Mtumbwi wa baba sasa ni wake, ana mke na watoto watatu. Baba mkubwa alipopooza, waliifungua ile Biblia ili wamsomee, wakaikuta bahasha humo, na mama yake kaka akaja kuniuliza kama zile karatasi bado zina kazi, kwa kuwa mimi ndiye mwanasheria. Nikamwambia hazina kazi tena. Mwaka uliofuata kanisa lilimchagua kaka kuwa mzee wa kanisa badala ya baba yake, na koti la kijivu limemkaa vizuri.

Kila Krismasi naenda nyumbani, kwa sababu usipoonekana ni vibaya zaidi. Baada ya sadaka kaka anasimama kwenye meza ya matangazo, anawaita vijana wa vyuo, na siku hizi ni wengi, wanajaza mabenchi mawili. Wanaombewa, wanakaa. Kisha kaka anakohoa kidogo, watu wanyamaze vizuri.

"Na mdogo wangu kutoka Musoma asimame," anasema, "atuambie kama ana ombi."

Nasimama. Nasema sina. Ananisubiri na karatasi yake mkononi mpaka watu wanaanza kugeuka, kisha anasoma misiba.